Nimdai Vipi Mwenye Nyumba Aliyenivumilia?

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Nina umri wa miaka 28, sijaolewa, na ninafanya kazi ya uhasibu. Miezi saba iliyopita nilihama nyumbani kwa mama yangu, nilikokuwa nikiishi pamoja na wadogo zangu, nikapanga fleti ya studio mjini ili niwe karibu na kazi na, nikiri ukweli, ili kwa mara ya kwanza maishani mwangu niwe na mlango ambao ufunguo wake ninao mimi peke yangu. Mama hakupendezwa. Hakunikataza, lakini siku niliyompa habari alinijibu kwa maneno manne tu: nyumba njema si mlango. Maneno hayo yamenirudia mara nyingi mno tangu siku ile, na ndiyo sababu ninakuandikia wewe kabla sijamwambia yeye.

Chumba kina urefu wa mita tano na upana wa mita nne. Najua kwa sababu nilikipima kabla ya kununua kabati. Jiko liko kwenye kona ya mlangoni, bafu na choo vimetengwa kwa ukuta mwembamba, na dirisha ni moja, linalotazamana na ngazi za jengo la jirani kwa ukaribu ambao mtu akinyoosha mkono anaweza kulifikia. Kutoka kitandani hadi jikoni ni hatua tatu. Mgeni akija hukaa kitandani, kwa kuwa kiti ni kimoja na juu yake daima kuna kitu. Wiki za mwanzo haya yote yalinifurahisha. Baadaye nikaja kugundua kwamba katika chumba kimoja hakuna mahali pa kuacha jambo lolote: vyombo ambavyo sijaviosha vinanitazama nikiwa nimelala, harufu ya mapishi inalala nami kwenye shuka, na kazi ninayorudi nayo nyumbani hukaa mezani mpaka asubuhi kana kwamba inanisubiri niamke.

Hayo ningeweza kuyazoea. Nilikiona chumba hiki mara moja tu kabla ya kukipanga, saa sita mchana, katika msimu wa kiangazi. Dalali alikuwa na haraka na alisema kuna watu wengine watatu wanaokitaka. Kilikuwa kinanukia rangi mbichi, nami nikaichukulia harufu hiyo kuwa ishara ya upya. Nikatia saini mkataba wa mwaka mmoja na kulipa amana ya kodi ya miezi miwili. Hakuna aliyeandika orodha ya hali ya chumba wakati ninakabidhiwa ufunguo. Jioni ile nilimtumia mdogo wangu video, nikizunguka chumba kizima huku nikicheka.

Mwezi wa tatu mvua zilianza. Siku moja nilitoa koti kabatini nikalikuta linanuka, na viatu vya ngozi vilikuwa vimefanya utando wa kijani. Niliposogeza kabati niliona madoa meusi ukutani, ukubwa wa kiganja. Niliyasugua yakatoka, na baada ya wiki mbili yakarudi. Sasa yameenea kwa urefu wa mkono, na doa jingine limetokea juu kabisa, kwenye kona inayopakana na bafu. Asubuhi huamka nikipiga chafya na pua imeziba. Nikilala kwa mama mwishoni mwa wiki hali hiyo hutulia, au labda mimi ndiye ninayetaka kuamini hivyo.

Mwenye nyumba ni mzee mpole anayeishi ghorofa ya chini ya jengo hilihili. Mwezi wa nne mishahara yetu ilichelewa kwa wiki tano. Nilimwendea nikitetemeka, naye akanijibu, “Lipa ukipata, mwanangu,” na hakunikumbusha hata mara moja mpaka nilipomlipa yote. Kwa hiyo nilipomweleza kuhusu ukungu, na yeye akapanda ngazi kuja kuangalia, akaona nguo nilizokuwa nimezianika juu ya mlango wa bafu, akaniambia kwa upole kwamba tatizo ni kuanika nguo ndani na kutofungua dirisha, na kwamba mpangaji aliyenitangulia aliishi hapa miaka mitatu bila kulalamika, nilikosa la kusema. Alinipa kopo la rangi iliyobaki. Nikapaka mwenyewe siku ya Jumapili. Ukungu umetokeza juu ya rangi ile, na tangu hapo sijarudi kwake. Siwezi. Mtu aliyenivumilia namna ile nitamdai vipi?

Miezi mitano imebaki katika mkataba. Umeandikwa kwamba notisi ni ya miezi miwili, kwamba anayevunja mkataba kabla ya muda hupoteza amana, na kwamba “matengenezo madogo madogo” ni jukumu la mpangaji. Dada mmoja ninayefanya naye kazi ana fleti ya vyumba viwili na anatafuta mtu wa kuchangia kodi. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenzetu mwingine ananishauri niache kulipa kodi ya miezi miwili ya mwisho, amana ifidie, kisha niondoke zangu. Nimefikiria pia kumtafuta mpangaji wa kuchukua nafasi yangu, lakini nikajiona nikimwonyesha chumba saa sita mchana, kabati likiwa mahali pake, nikaona haya.

Mama anataka kuja kuniona. Nimempa udhuru mara tatu. Je, nivumilie, nihame, au nidai? Na je, yawezekana kosa ni langu?

Mpangaji wa mita tano kwa nne

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilihesabu ni mara ngapi umetaja ukungu na ni mara ngapi umetaja watu unaowaonea haya au wanaokuonea huruma. Watu ndio wengi zaidi. Umepanga chumba kilichoota ukungu, umebakiza miezi mitano, na kuna mlango mwingine unaokusubiri kwa muda mfupi; hilo ni tatizo la ukuta, la mkataba na la pesa. Lakini umelifunga pamoja na mambo mengine mawili, yaani wema wa mzee wa chini na maneno manne ya mama yako, na kwa kuwa yote yamo katika fundo moja, kila unapovuta uzi mmoja mwingine unakaza. Niruhusu niyafungue moja moja, bila kukuamulia.

Nianze na wema wa mzee, kwa sababu ndio uliokufunga mdomo. Wakati mshahara wako ulipochelewa, mzee hakukusamehe kodi, alikusamehe muda. Nawe ukamlipa yote. Shukrani inabaki, na ni vizuri ibaki, lakini deni lenyewe lilikwisha siku ulipomkabidhi pesa. Swali langu ni hili: kwa nini unadhani kwamba kumweleza habari za ukuta wake ni kumdai? Ukuta ni wake. Kama maji yanapenya kutoka nje, au kama kuna bomba linalovuja ndani ya ukuta wa bafu, kinachoharibika polepole ni mali yake, na mtu pekee anayeweza kumwambia ni wewe unayelala humo. Unyamavu wako umeuita heshima, na ninaamini nia yako. Lakini mzee mwenyewe, kwa sasa, anaamini kwamba rangi yake ilimaliza tatizo. Hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo umeliuliza kama mtu anayejiandaa kulaumiwa. Umeuliza kama kosa ni lako, naye mzee anasema ni lako, na wenzako kazini nadhani wanasema ni lake. Mimi ningependa tuliweke neno kosa kando kwanza, tuhesabu maji. Umenipa vipimo, na nimefurahi kuvipata, maana wapangaji wengi huniandikia “chumba kidogo” wakaishia hapo. Mita tano kwa nne, tukikadiria dari kuwa juu kwa mita mbili na nusu, ni hewa ya mita za ujazo 50. Kwa joto la nyuzi 25, hewa yote hiyo haiwezi kubeba zaidi ya lita moja na kidogo ya maji katika hali ya mvuke. Sasa fikiria: kama unapikia gesi, kila kilo ya gesi inayoungua hutoa mvuke wa maji unaozidi kilo moja na nusu, bila kuhesabu mvuke wa chungu chenyewe. Ongeza maji ya kuoga, ongeza nguo mbichi mlangoni, ongeza pumzi yako ya usiku kucha. Mvuke huo ukikosa pa kutokea hugeuka maji mahali penye ubaridi na pasipopita hewa, na katika chumba chako mahali hapo ni nyuma ya kabati. Katika nyumba ya mama yako mvuke uleule ulitawanyika vyumbani na kutokea madirishani, na hakuna aliyewahi kuufikiria. Kwa hiyo mzee hakukosea kabisa, nawe hukufanya jambo ambalo mtu wa kawaida halifanyi. Kupika, kuoga na kufua si uzembe. Ndiyo maisha yaliyofanya upange chumba.

Hata hivyo, hesabu hiyo inaeleza doa moja tu. Umetaja madoa mawili, na ukayaweka katika sentensi moja kana kwamba ni ndugu. Lile la nyuma ya kabati lina dalili za mvuke wa ndani. Lile la juu, kwenye kona ya bafu, linaweza kuwa na mama mwingine kabisa: bomba, bafu la ghorofa ya juu, au maji ya mvua yanayopenya. Njia ya kupata fununu haina gharama. Safisha sehemu ndogo ya ukuta, iache ikauke vizuri, kisha bandika kipande cha plastiki nyepesi inayoonyesha upande wa pili, chenye upana wa kama sentimita 30, ukikizungushia selotepu pande zote nne ili hewa isipite. Kiache siku mbili. Ukikuta matone upande unaoangalia chumba, maji yanatoka katika hewa yako. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya plastiki na ukuta, maji yanatoka ukutani. Fanya hivyo katika madoa yote mawili. Si ushahidi wa mahakamani, na fundi mzuri anaweza kuupinga, lakini utajua uende kwa mzee na maneno gani. Andika pia kwa tarehe siku ambazo doa la juu linaongezeka: je, ni baada ya mvua, au hata siku za jua?

Kabla ya kupaka rangi tena, acha. Rangi juu ya ukungu huuficha kwa muda tu, kama ulivyojionea. Eneo likiwa dogo, chini ya mita moja ya mraba hivi, unaweza kulisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni, ukivaa barakoa na glavu, kisha ukalikausha kabisa. Likiwa kubwa kuliko hapo ni kazi ya fundi. Na harufu ya rangi mbichi uliyoikuta siku ile ya kwanza, nakusihi usiifanye ushahidi wa hila. Wenye nyumba wengi hupaka rangi kila mpangaji anapotoka, waaminifu na wasio waaminifu.

Kuna maneno ya mzee ambayo ningekuomba uyatafakari zaidi: kwamba mpangaji aliyekutangulia aliishi miaka mitatu bila kulalamika. Huenda ni kweli kwamba hakuona ukungu. Pengine hakuwa na kabati pale, au alishinda nyumbani na dirisha wazi. Lakini nawe pia, kwa hesabu za mzee, umekuwa mpangaji asiyelalamika tangu siku aliyokupa kopo la rangi.

Hapo ndipo ninapoona mlango ambao hukuutaja. Mzee anasema fungua dirisha. Wewe hufungui, na ukiisoma barua yako utaona sababu yake umeniandikia mimi lakini hujasema kama uliwahi kumwambia yeye: mtu aliyesimama kwenye ngazi za jirani anaweza kulifikia. Mwanamke anayeishi peke yake na anayetoka asubuhi akarudi jioni hawezi kuacha dirisha la namna hiyo wazi, na sidhani kama mzee, akielezwa, atasema vingine. Basi ombi la kwanza linaweza kuwa grili ya chuma dirishani, au tundu la hewa juu ya dirisha ambalo mkono haupiti. Ombi hilo halimpingi. Linatekeleza ushauri wake mwenyewe. Na matengenezo ya namna hiyo ni vigumu kuyaita “madogo madogo”, kwa kuwa yanagusa jengo lenyewe, ingawa maneno hayo ya mkataba yameachwa wazi kiasi kwamba kila upande unaweza kuyavuta kwake.

Ukiamua kuzungumza naye, nakushauri uende kwa miguu na pia uache maandishi. Mazungumzo yanalinda uhusiano, na maandishi yanalinda kumbukumbu za wote wawili. Unaweza kuandika kwa upole huohuo ulio nao: “Mzee wangu, nakushukuru kwa rangi uliyonipa tarehe fulani. Niliipaka, lakini ukungu umerudi nyuma ya kabati na umetokea pia kwenye kona ya bafu, kama picha hizi zinavyoonyesha. Ningependa kufungua dirisha kama ulivyonishauri, ila linafikika kutoka nje na ninaogopa usalama wangu. Naomba tukae tuzungumze kuhusu grili, na fundi aangalie ukuta wa bafu.” Hakuna tishio humo, na hakuna anayeitwa mwongo. Hatari yake ni kwamba anaweza kukataa au kuahidi bila kutenda. Lakini hata hilo litakuwa jambo unalolijua, si unalolikisia.

Unaweza kujiuliza kama unalalamikia anasa. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, ilipofafanua mwaka 1991 maana ya makazi ya kutosha, ilitaja kwamba nyumba inayofaa kuishi humkinga aliyemo dhidi ya baridi, unyevunyevu, joto, mvua, upepo na vitisho vingine vya afya. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevunyevu na ukungu ndani ya majengo, lilihusisha hali hiyo na dalili za njia ya hewa, mzio na pumu. Sikupi haya uyachukue kama fimbo ya kumpelekea mzee. Namna yanavyogeuka kuwa haki ya mpangaji hutegemea sheria ya nchi. Nakupa ili usijione mtu wa kudeka. Na kuhusu chafya zako, mwone daktari, ukichukua kumbukumbu ya wiki mbili: ulilala wapi, uliamkaje. Pengine ni ukuta, pengine ni jambo jingine ambalo ukihama utahama nalo.

Sasa ushauri wa yule mwenzako wa kuacha kulipa kodi ili amana ifidie. Ninaelewa kwa nini unavutia: unakurudishia pesa zako bila kuomba. Lakini tazama unavyobadilisha nafasi yako. Leo wewe ni mpangaji anayelipa na mwenye lalamiko la haki. Siku utakayoacha kulipa utakuwa mdaiwa mwenye lalamiko, na watu husikiliza neno la kwanza tu. Katika mikataba mingi amana ni dhamana ya uharibifu na si kodi ya mwisho, kwa hiyo anaweza kukudai kodi na gharama ya ukuta kwa pamoja. Zaidi ya hayo utampita mzee huyo ngazini kila siku kwa miezi miwili. Wewe uliyeshindwa kurudi kumwambia kwamba rangi haikufaa, utaweza hilo? Sisemi hakuna mpangaji aliyewahi kufanya hivyo akawa na sababu nzuri. Nasema kwanza umuulize mwanasheria, au ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe, kwa kuwa masharti ya kuzuia kodi na ya kurejeshewa amana hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na kipengele cha kupoteza amana nacho kinaweza kuwa na nguvu mahali pamoja na kuwa maneno matupu mahali pengine.

Katika jambo hilohilo la amana, kuna kitu unacho na hujakitambua: video uliyomtumia mdogo wako. Mwombe aitafute leo, maana simu hubadilishwa na mambo hufutika. Hiyo ndiyo orodha ya hali ya chumba ambayo hakuna aliyeiandika. Ila uwe tayari kwa ukweli wake wote. Ikiwa inaonyesha ukuta safi, itakusaidia kuthibitisha hali ya vitu vingine ulivyovikuta, lakini mzee naye anaweza kuuliza mbona ukungu umeanza mikononi mwako. Ndiyo maana ile plastiki ina umuhimu.

Kuhusu fleti ya dada wa kazini sina la kuipinga, nina maswali tu. Mkataba una jina la nani? Mwenye nyumba wake anajua kwamba atakuwa na mtu wa kuchangia, na amekubali? Siku akiolewa au akihamishwa, wewe utakuwa nani katika nyumba ile? Mnaweza kukosana nyumbani na kesho mkakaa dawati moja? Na ukienda kuitazama, tafadhali usiende mara moja tu saa sita mchana. Nenda jioni, nenda siku ya mvua, na uombe kusogeza kabati. Lakini swali kubwa zaidi umelijibu mwenyewe bila kuulizwa, pale ulipoandika kuhusu ufunguo ulio nao peke yako. Je, bado unautaka? Kama unautaka, chumba cha kuchangia kinaweza kuwa kikavu na bado kikakunyima ulichokifuata mjini. Kama umegundua kwamba upweke wa mita tano kwa nne unakuelemea kuliko ulivyotarajia, na barua yako ina dalili hiyo kidogo, basi kuhama hakutakuwa kukimbia ukungu tu, na ni vyema ujue hivyo kabla ya kulipa amana nyingine, gari la kuhamisha vitu, na kupoteza amana ya kwanza.

Ile haya uliyoiona ulipofikiria kumtafuta mtu wa kuchukua nafasi yako ilinifanya nikupende. Njia hiyo haijafungwa. Unaweza kukubaliana na mzee kwamba akipatikana mpangaji mwingine utaachiliwa mapema na amana yako irudi. Wenye nyumba wengi wanaona ni nafuu kuliko chumba kukaa kitupu. Kinachokusumbua ni kabati kuwa mahali pake. Basi lisogeze, mwonyeshe anayekuja, mweleze unachokijua. Utachelewa kumpata, na huenda wa kwanza na wa pili wakaondoka. Pia unaweza kubaki hadi mwisho wa mkataba ukijua ni miezi mitano tu, ukaliweka kabati mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, ukafunika vyungu, ukafunga mlango wa bafu unapooga, ukatafuta mahali pengine pa kuanika. Ni maisha ya kujibana kidogo, na yanavumilika ikiwa maji si ya ukutani. Yakiwa ya ukutani, uvumilivu wako hautayakausha.

Nimemwacha mama yako mpaka hapa kwa makusudi. Umeyasikia maneno yake manne kama hukumu, na labda siku ile alikusudia onyo. Lakini msemo wenyewe, kama watu wazima wanavyoutamka, una kipande cha pili: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hukuniambia kama alikitamka au alikiacha. Mama aliyekwisha kuomba mara tatu kuja kukuona, na akanyimwa mara tatu, nashindwa kumwona kama mtu anayesubiri kusema “nilikuambia”. Huenda nikawa nimekosea. Wewe ndiye unayemjua.

Plastiki ukiibandika Ijumaa jioni, Jumapili jioni utakuwa na cha kuniandikia. Na kabati lililojaa nguo, mwanangu, halisogezwi na mtu mmoja.